Mbung'o: Inzi Anayebeba Mimba na Kunyonyesha

Mfugaji wa Kibondo au Kasulu hahitaji kuelezwa mbung'o anaumaje. Wengine humwita ndorobo, na kila aliyewahi kupitisha ng'ombe kwenye miombo ya kuelekea mto Malagarasi au Moyowosi anamfahamu kwa sindano yake. Jambo ambalo wengi wetu hatulijui ni maisha yake ya ndani. Mdudu huyu hafanani na inzi mwingine yeyote unayemwona bomani. Anabeba mimba kama ng'ombe, anazaa mtoto mmoja mmoja kama ng'ombe, na mtoto huyo anamlea kwa maziwa akiwa bado tumboni. Tumeona vema kuyaeleza hayo katika kipeperushi hiki kwa sababu udhaifu wa mbung'o umo humo humo, na mfugaji anayeujua hupoteza fedha kidogo kwenye dawa na hupoteza ng'ombe wachache zaidi.

Kwanza tumtambue, maana si kila inzi anayeuma ni mbung'o. Mtazame akiwa ametulia. Inzi wa kawaida hutanua mabawa yake pembeni kidogo. Mbung'o huyalaza mgongoni, moja juu ya jingine, kama mkasi uliofungwa. Mdomo wake umenyooka mbele ya kichwa kama sindano. Ukimkamata na kutazama bawa lake kwenye mwanga, katikati ya mistari ya bawa utaona umbo dogo kama kichwa cha shoka. Inzi mwingine hana shoka hilo. Mtoto anayechunga anaweza kufundishwa alama hizi tatu kwa siku moja.

MIMBA YA SIKU TISA

Inzi wa nyumbani hutaga mayai mamia kwa mamia kwenye kinyesi na takataka. Kupe jike wa masikio, akishashiba damu, huanguka chini na kutaga maelfu. Viumbe hawa hushinda kwa wingi: ukiua mia, mia nyingine zimeshaanguliwa.

Mbung'o amechagua njia nyingine. Jike hupandwa mara moja tu, kwa kawaida akiwa bado mchanga, na mbegu anazopata siku hiyo huzihifadhi mwilini kwa maisha yake yote. Yai moja hukomaa na kuanguliwa humo humo tumboni. Funza anayetoka hakai bure. Kuna tezi ndani ya mwili wa mama inayotengeneza maziwa yenye mafuta na protini, na funza huyo huyanyonya kwa muda wa siku kama tisa hivi. Wakati wa kuzaliwa, uzito wake unakaribiana na uzito wa mama mwenyewe. Fikiria ng'ombe wa kilo 300 anazaa ndama wa kilo 300, kisha baada ya siku tisa au kumi anazaa mwingine. Kazi yote hiyo huendeshwa na damu ya mifugo yako, kwa sababu mbung'o hana chakula kingine. Hali maua, hali kinyesi, hanywi maji ya kidimbwi. Dume anauma na jike anauma, tofauti na mbu ambao ni jike tu anayefyonza damu.

Damu peke yake haina virutubisho vyote anavyohitaji. Kwa hiyo mbung'o hufuga vijidudu vidogo sana ndani ya utumbo wake, ambavyo humtengenezea vitamini zilizopungua kwenye damu. Mama humrithisha mtoto vijidudu hivyo kupitia maziwa. Vikifa, jike hawezi tena kuzaa. Hata mdudu huyu, tunaweza kusema, ni mfugaji.

Funza akishazaliwa hana haja ya kula tena. Mama humwangushia mahali penye kivuli na udongo laini: chini ya gogo, kwenye mchanga wa korongo, mdomoni mwa shimo la mhanga, chini ya kichaka kando ya mto. Ndani ya muda mfupi, mara nyingi chini ya saa moja, funza huyo amekwisha kujichimbia ardhini. Ngozi yake hukauka na kuwa ganda gumu la kahawia iliyokoza, dogo kuliko punje ya mahindi, lenye vinundu viwili upande mmoja. Humo hukaa kama mwezi mmoja, zaidi kidogo wakati wa baridi, kisha hutoka mbung'o kamili mwenye njaa.

Kutokana na hayo, moto wa kuchoma nyika haumpati. Moto hupita juu, na ganda limelala chini ya udongo. Watu wengi huchoma mapori kila kiangazi wakiamini wanaua mbung'o. Wanachoua ni malisho ya mwezi wa tisa.

HESABU INAYOMSHINDA

Sasa angalia hesabu. Jike mwenye bahati huishi miezi miwili au mitatu. Mtoto wa kwanza humpata akiwa na wiki mbili na nusu hivi, halafu mmoja kila siku tisa au kumi. Maana yake katika maisha yake yote atazaa watoto saba, nane, na wachache hufika kumi. Baadhi yao huliwa na siafu, ndege na wadudu wengine kabla ya kuzaa.

Mnyama anayezaa kwa uchache namna hii hawezi kuvumilia kupoteza majike. Wataalamu wamekokotoa kwamba mahali ambapo mbung'o wengine hawaingii kutoka nje, ukiondoa majike wanne katika kila mia moja kila siku, bila kuacha, idadi yao itashuka hadi kwisha. Wanne katika mia. Kwa kupe hesabu hiyo haifanyi kazi kabisa, wala kwa mbu. Kwa mbung'o inafanya kazi, na ndiyo sababu njia zinazoonekana dhaifu, kama kitambaa chenye dawa kilichotundikwa porini, humshinda.

Kuna faida ya pili. Mbung'o hazaliwi na ugonjwa. Huupata anapofyonza damu ya mnyama mwenye vimelea, na vimelea hivyo huhitaji muda wa kukomaa ndani yake kabla hajaweza kuambukiza. Aina nyingine huchukua wiki moja, nyingine wiki mbili au tatu, na ile ya malale inaweza kuchukua hata mwezi. Kwa hiyo mbung'o wa hatari ni mbung'o mzee. Ukifupisha maisha yao, hata kama hujawamaliza, umeondoa wazee, na ugonjwa hupungua haraka kuliko mbung'o wenyewe.

KIMELEA ANAYEBADILI SHATI

Kimelea anayeletwa na mbung'o ni mdogo kiasi kwamba anaonekana kwa darubini tu, akijikunja kunjua kati ya chembe za damu kama mkunga majini. Jina lake la kitaalamu ni tripanosoma. Mwaka 1895, daktari wa jeshi la Uingereza aliyeitwa David Bruce, akifanya kazi Zululand huko Afrika Kusini, alimwona katika damu ya ng'ombe wagonjwa na kuonyesha kwamba ni mbung'o aliyemleta. Jina nagana tunalolitumia lilitoka kwa Wazulu wa huko.

Huyu naye ana ajabu yake. Mwili wake umefunikwa na kitu mfano wa shati, la protini. Askari wa mwili wa ng'ombe, yaani kinga, hulijifunza shati hilo kwa siku kadhaa na kisha kuwashambulia wote waliolivaa. Vimelea wengi hufa na homa inashuka. Mfugaji anafurahi, anasema mnyama amepona mwenyewe. Lakini wachache kati ya vimelea wamekwisha kubadili shati. Kinga haiwatambui. Wanazaana tena, homa inapanda, kinga inajifunza shati jipya, nao wanabadili tena. Mashati waliyo nayo akibani ni mamia. Ndiyo maana hadi leo hakuna chanjo ya nagana, wala si kwa uzembe wa watafiti. Mtu akija kijijini na kichupa akisema ni chanjo ya nagana, jua anakuibia.

Mchezo huo humchosha ng'ombe. Mwili unaharibu damu yake wenyewe katika vita hivyo, na mnyama anaishiwa damu taratibu. Anakula lakini anakonda. Ukifunua kope au mdomo, utando wa ndani na ufizi ni mweupe badala ya kuwa mwekundu. Manyoya yanasimama na kupoteza mng'ao. Tezi za mbele ya bega zinavimba. Maziwa yanakata. Jike anatupa mimba, dume anapoteza nguvu ya kupanda. Anabaki nyuma ya kundi, kisha siku moja analala njiani na hainuki.

NAGANA SI NDIGANA

Hapa tunaomba msomaji atulie kidogo, maana majina haya mawili yameua ng'ombe wengi kwa kufanana tu. Mfugaji anafika duka la pembejeo anasema, "Nipe dawa ya ndigana," na anachougua ng'ombe wake ni nagana. Au kinyume chake. Anauziwa dawa, anadunga, fedha imekwenda, na ng'ombe anakufa.

Ndigana kali huletwa na kupe wa masikio. Huwapata zaidi ndama na ng'ombe wageni. Homa yake ni kubwa na haishuki, tezi zilizo chini ya sikio huvimba, mnyama hupumua kwa shida, mapovu hutoka puani, na akikosa tiba hufa ndani ya wiki mbili tatu akiwa hata hajakonda sana. Ndigana baridi nayo ni ya kupe: mnyama huishiwa damu kama wa nagana, lakini utando wa macho huelekea rangi ya manjano na kinyesi huwa kigumu na kikavu. Akikojoa mkojo mwekundu, huo ni ugonjwa mwingine tena wa kupe. Nagana huenda polepole, kwa wiki na miezi, na homa yake huja na kuondoka.

Hata mtaalamu mzoefu hukosea kwa macho peke yake. Njia ya uhakika ni tone la damu kutoka mshipa wa sikio, likapakwa kwenye kioo na kutazamwa kwa darubini. Mwombe afisa mifugo wa kata akuelekeze wapi kipimo hicho kinafanyika. Gharama yake ni ndogo ukiilinganisha na mitamba iliyokufa kwa dawa isiyo yake.

Jambo jingine la kutazama ni mbwa wa kuchungia. Mbwa huugua nagana vibaya kuliko ng'ombe, na mara nyingi macho yake huingia ukungu wa buluu au mweupe. Mbwa akirudi malishoni na macho ya namna hiyo, chukulia kwamba kundi zima limepita kwa mbung'o. Lakini usimdunge dawa ya ng'ombe kwa kukisia, kwani kipimo kikizidi kidogo tu kwa mbwa kinamuua. Punda naye anahitaji uangalifu huo huo.

DAWA NA MAKOSA YAKE

Dawa zinazotumika sana ni za aina mbili. Diminazini, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Berenil, huua vimelea waliomo mwilini na kisha huisha haraka. Haimkingi ng'ombe kesho. Isometamidiamu, inayojulikana kwa jina la Samorin, hutibu na pia hubaki mwilini ikikinga kwa muda wa miezi miwili hadi minne, kutegemea wingi wa mbung'o. Hiyo ndiyo inayofaa kwa kundi linaloteremka kutafuta malisho ya kiangazi.

Kosa kubwa tunaloliona ni kugawa dawa. Pakiti ya ng'ombe mmoja mkubwa inagawiwa kwa wawili au watatu ili fedha itoshe. Vimelea wanapokutana na dawa kidogo, wanyonge hufa na wagumu hubaki, nao ndio wanaozaana. Baada ya miaka michache dawa hiyo haifanyi kazi kwa mtu yeyote kijijini, hata kwa jirani yako ambaye hakugawa. Dozi hupimwa kwa kilo za mnyama. Upo utepe wa kuzungushia kifua unaosoma uzito kwa makadirio mazuri, na ni afadhali kijiji kizima kinunue mmoja kuliko kila mtu kukadiria kwa jicho. Jicho la mfugaji hupunguza uzito anaponunua dawa na huuongeza anapouza mnadani.

Sindano nayo. Ukitumia moja kwa kundi zima bila kuichemsha, unahamisha damu kutoka kwa mgonjwa kwenda kwa mzima, na umekuwa mbung'o wewe mwenyewe. Kuna aina moja ya vimelea vya nagana ambayo husambazwa hata na pange na inzi wengine wanaouma, kwa damu mbichi iliyobaki mdomoni, na ndiyo sababu nagana hujitokeza wakati mwingine kwenye boma ambalo mbung'o hawafiki. Soma pia kwenye karatasi ya dawa ni siku ngapi usinywe maziwa wala usichinje.

KWA NINI PUNDAMILIA NA KURO HAWASUMBULIWI

Mbung'o hachagui damu ovyo. Wa porini kwetu humpenda sana ngiri, pongo na nyati. Wanyama hao hubeba vimelea bila kuugua, kwa kuwa wameishi pamoja navyo kwa maelfu ya miaka. Ngiri anazunguka na nagana damuni, mnene, mkia juu.

Pundamilia yupo porini humo humo, ananuka kama punda, ana damu tele, lakini tumboni mwa mbung'o ni nadra kukuta damu yake. Macho ya mbung'o hufuata kitu kikubwa, cheusi au cha buluu, kinachotembea. Milia huyavuruga. Majaribio ya pange yameonyesha kwamba hufika karibu na ngozi ya milia lakini hushindwa kutua vizuri.

Kuro naye huachwa, na sababu yake ni harufu. Watafiti wa kituo cha wadudu cha ICIPE, Nairobi, walichambua harufu ya mwili wa kuro, wakatengeneza mchanganyiko unaofanana nayo, na kuuweka kwenye kichupa kinachofungwa shingoni mwa ng'ombe. Walijaribu mikufu hiyo kwa wafugaji wa eneo la Shimba Hills, Kwale, pwani ya Kenya, na ng'ombe walioivaa waliugua kidogo kuliko wenzao. Ng'ombe alivaa harufu ya kuro na mbung'o akapita.

Afrika Magharibi wapo ng'ombe wafupi wanaoitwa N'Dama, ambao hupata vimelea lakini hawaishiwi damu kwa kasi, wakaendelea kuzaa na kukamuliwa. Ng'ombe wetu hawana bahati hiyo. Ng'ombe wa pembe ndefu wa nyanda za juu za Uha, ndugu wa wale wa Burundi na Ankole, wamezoea milima isiyo na mbung'o, na wanapoteremshwa kwenye miombo ndio wa kwanza kuanguka. Mfugaji asidanganyike na ukubwa wa pembe. Pembe hizo zina mishipa mingi ya damu na humsaidia mnyama kupoza joto, lakini kwa nagana hazina msaada.

WATU NAO

Damu ya binadamu ina ajabu yake. Ndani yake kuna protini inayowaua vimelea wa kawaida wa nagana, na ndiyo maana mchungaji anaumwa na mbung'o mamia ya mara na hapati ugonjwa unaowaua ng'ombe wake. Lakini katika Afrika Mashariki yupo kimelea mmoja aliyepata njia ya kuizima protini hiyo. Huyo ndiye anayeleta malale, na Kibondo na Kasulu ni kati ya maeneo ya Tanzania ambako malale yamejulikana kwa muda mrefu. Katika miaka ya 1920 na 1930 serikali ya kikoloni iliwahamisha watu wengi wa magharibi ya Tanganyika, Uha ukiwemo, na kuwakusanya kwenye makazi yaliyofyekwa kwa sababu ya ugonjwa huu.

Kinachotuhusu wafugaji ni hiki: kimelea wa malale hukaa ndani ya ng'ombe bila kumuumiza sana. Ng'ombe anaonekana mzima, na damu yake inamngoja mbung'o. Mwaka 1998 malale yalizuka wilaya ya Soroti nchini Uganda, mahali ambapo hayakuwa yakijulikana kabla ya hapo, na uchunguzi uliyahusisha na ng'ombe walioletwa mnadani kutoka maeneo yenye ugonjwa. Mwaka 2006 Waganda walianza kampeni ya kuwatibu ng'ombe kwa wingi na kuwapulizia dawa ya mbung'o ili kuwakinga watu. Tiba ya ng'ombe wako ni kinga ya watoto wako.

Malale ya upande wetu huenda haraka. Huanza kwa kidonda au uvimbe mahali ulipoumwa, kisha homa, kichwa na viungo kuuma, tezi kuvimba. Baadaye mgonjwa hubadilika tabia, husinzia mchana na kukesha usiku. Asipotibiwa hufa ndani ya miezi. Mwanzoni hufanana na malaria, kwa hiyo wengi humeza dawa za malaria mara mbili, mara tatu, na siku zinakwenda. Mtu wa nyumbani kwako akiwa na homa isiyosikia dawa ya malaria, au kipimo cha malaria kikionyesha hana, mpeleke hospitali na useme wazi: "Huyu alikuwa porini kwenye mbung'o." Mganga asipoambiwa hatalifikiria hilo. Wanaochunga, warina asali, wakata kuni na wavuvi wa Malagarasi wote wamo katika hatari hiyo. Matibabu yapo, na dawa zake Shirika la Afya Duniani huzitoa bila malipo.

Na mavazi. Shuka la buluu iliyoiva na kaniki ni mwaliko kwa mbung'o. Mchungaji avae rangi ya kaki au ya udongo, mikono mirefu.

KAZI ZA BOMANI NA MALISHONI

Kwa kuwa mbung'o lazima ale damu kila baada ya siku mbili hadi nne, na asipopata anakufa, ng'ombe mwenyewe anaweza kuwa mtego. Ng'ombe aliyepakwa dawa ya jamii ya deltamethrini huua kila mbung'o anayetua juu yake. Gharama ndiyo humkatisha mfugaji tamaa. Utafiti uliofanyika Zimbabwe umeleta nafuu: mbung'o hupenda kutua kwenye miguu na tumbo, na hupenda ng'ombe wakubwa kuliko ndama. Kwa hiyo unaweza kupulizia miguu na tumbo la wale wakubwa tu, ukatumia dawa kidogo sana kuliko kuogesha mwili mzima. Rudia kila wiki mbili wakati wa mbung'o wengi. Kupe wa masikio hatakufa kwa njia hiyo, kwa hiyo masikio yapakwe pia.

Halafu vipo vitambaa vya buluu na vyeusi vilivyotiwa dawa, vinavyotundikwa kwenye njia za ng'ombe na kando ya mito. Buluu humvuta mbung'o kutoka mbali, nyeusi humfanya atue, na akitua amekwisha. Chupa ya mkojo wa ng'ombe uliokaa siku kadhaa ikiwekwa chini yake huongeza wanaokuja, hasa mbung'o wa miombo. Fyeka majani yanayokizunguka ili kionekane na kisiungue kwa moto wa nyika. Kitambaa hicho kina sumu. Si cha kushonea mkoba wala cha kufunika chakula, na anayekiiba anawaibia majirani wote, maana ile hesabu ya wanne katika mia inataka kazi isiyokatika.

Swali tunaloulizwa mara nyingi ni hili: Zanzibar walimmaliza mbung'o, kwa nini sisi hapana? Ni kweli. Kisiwani Unguja walianza kwa kupaka ng'ombe dawa na kutundika vitambaa, mbung'o wakapungua. Kisha, kuanzia mwaka 1994, ndege ilimwaga madume yaliyofugwa Tanga na kufanywa tasa kwa mionzi, zaidi ya milioni 8 kwa jumla. Kumbuka kwamba jike hupandwa mara moja tu. Aliyekutana na dume tasa hakuzaa tena maisha yake yote. Mwaka 1996 alinaswa mbung'o wa mwisho, na mwaka uliofuata kisiwa kikatangazwa kuwa hakina mbung'o. Lakini Unguja imezungukwa na bahari, na mbung'o wake alikuwa wa aina moja. Kwetu pori linaendelea kutoka Moyowosi hadi mbali, na unapowamaliza kwako wengine wanaingia kutoka ng'ambo. Kwa hiyo hapa lengo ni kuwapunguza kuzunguka vijiji, njia na maji, kila msimu, vijiji jirani vikifanya kwa wakati mmoja.

Mfugaji anayeteremsha kundi kiangazi apange hivi. Kabla ya kuondoka, ng'ombe wadungwe dawa ya kinga kwa dozi kamili, na wakubwa wapuliziwe miguu na tumbo. Wachungaji wanyweshe saa za jua kali la mchana au jua linapochomoza kukiwa bado na baridi, wasikawie vichakani asubuhi iliyokwisha kuchangamka na jioni, saa ambazo mbung'o wa miombo huwinda zaidi. Kundi likirudi, lisichanganywe siku hiyo hiyo na ng'ombe wa nyumbani wala wa mkopo wa maziwa. Baada ya wiki mbili au tatu afisa mifugo achukue damu ya waliokonda na ya majike yaliyotupa mimba, na watakaokutwa na vimelea watibiwe kwa dawa tofauti na ile waliyokingiwa, ili wagumu waliopona ya kwanza wakutane na ya pili.